Haidrenjia Uyole: kivuli cha mparachichi na kivuli cha ukuta

Kiwanja chetu kiko Uyole, Mbeya, kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyumba imelala mashariki hadi magharibi, kwa hiyo ukuta wa nyuma unatazama kusini, upande wa milima ya Uporoto. Magharibi mwa uwanja kuna mparachichi wa kienyeji tuliokuta umeshakuwa mkubwa wakati tunanunua. Kati ya mti na ukuta kuna eneo ambalo nyanya haziivi, maharage yanarefuka tu bila kuzaa na nyasi zimekata tamaa. Hapo ndipo nataka haidrenjia.

Naandika hatua zote pamoja na fedha zilizotoka, kwa sababu maelezo mengi ya ua hili yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao wakisema panda kaskazini mwa nyumba upate kivuli, wanazungumzia nyumba zao. Huku kwetu kusini mwa Ikweta hesabu ni nyingine, tena si kinyume tu cha ya kwao, kama itakavyoonekana huko mbele.

18 Juni 2022. Kupima kivuli

Kabla ya kununua mche hata mmoja nimechomeka vijiti uwanjani na kuviangalia kila baada ya saa moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Haidrenjia ya majani mapana, ile yenye asili ya Japani, hupenda jua la asubuhi kwa saa tatu, nne au zaidi kidogo, kisha jua la mchana liipite pembeni. Ikikaa kivulini kutwa hutoa majani ya kupendeza na kuishia hapo.

Chini ya mparachichi jua la asubuhi linaingia kwa ubavu mpaka saa tano hivi, baadaye yanabaki madoa madoa ya mwanga, na kuanzia saa nane ni kivuli. Kwa karatasi, hapo ni mahali penyewe kabisa. Nyuma ya nyumba, ukuta wenye urefu wa mita tatu unatupa kivuli cha karibu mita mbili saa sita mchana, na ukanda huo haupati jua siku nzima. Hata hivyo pana mwanga wa kutosha kwa kuwa anga iko wazi juu yake.

Nitapanda sehemu zote mbili, tuone.

14 Januari 2023. Kupanda

Miche sita kutoka kwenye kitalu kando ya barabara ya Tukuyu, 6,000 kila mmoja. Samadi ya ng'ombe iliyooza, toroli mbili kwa 10,000. Mashimo ya sentimita 50 kwa 50. Mitatu chini ya mparachichi, mitatu mita moja kutoka ukutani. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo kumwagilia hakuna.

Bibi mwenye kitalu alinipa ushauri ambao naunukuu kama ulivyo: "Mwanangu, hili ua halipendi jua la saa nane. Na usilizike. Shingo ikae palepale ilipokuwa kwenye kiriba." Maana yake ni kwamba usawa wa udongo shambani uwe uleule wa kwenye kiriba. Ukirundika udongo kwenye shina, linaoza.

Jambo moja la mbolea. Mashimo ya chini ya mti yametiwa DAP, kiganja kimoja kila shimo, kama tunavyofanya kwenye mahindi. Kumbuka hilo tukifika kwenye rangi.

4 Machi 2023. Vipandikizi vilivyooza na vilivyopona

Bibi aliniongezea fungu la matawi bure, "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ikatosha. Ya kwanza niliyakata marefu, mengine yakiwa na kichwa cha ua, nikachomeka kwenye udongo mweusi wa bustani ndani ya viriba na kuvifunika kwa nailoni ili unyevu usitoke. Baada ya wiki mbili ukungu wa kijivu ulikuwa umekula karibu vyote. Udongo ulishika maji kama sifongo, hewa chini ya nailoni haikutembea, na majani makubwa yaliyogusana yakaoza pamoja.

Awamu ya pili imekwenda vizuri, na tofauti zake ni hizi. Tawi liwe changa la mwaka huu lakini lisiwe laini kupita kiasi, na lisiwe na ua. Urefu ni sentimita 10 hadi 15, mkato uwe chini kidogo ya pingili. Majani ya chini yatolewe yote, mawili ya juu yabaki lakini kila moja likatwe nusu kwa mkasi, maana jani zima hupoteza maji kuliko tawi lisilo na mizizi linavyoweza kuvuta. Nailoni ifunuliwe kila asubuhi kwa nusu saa.

Udongo nao umebadilika: nusu mboji iliyochekechwa, nusu yale mawe mepesi ya volkano tunayosugulia visigino, yaliyopondwa yakawa kama punje za mahindi. Huku Uyole ukichimba shimo la choo unayakuta yenyewe, tabaka zima. Yanashika maji ndani ya vitundu vyake na kuacha hewa ipite katikati, na hayanunuliwi. Mchanga wa mto nao unafaa ukiwa mkubwa.

Baada ya wiki tano ukivuta tawi polepole linakataa kutoka. Mizizi ipo. Gharama ya awamu zote mbili, viriba na nailoni: 8,000.

30 Julai 2023. Mparachichi unakunywa

Mvua ziliisha mwishoni mwa Aprili. Kuanzia Juni miche mitatu ya chini ya mti imekuwa ikilegea kila siku, na mmoja umekufa. Ile ya ukutani imesimama wima, na maji yote inapata sawa, debe moja kwa mche mara mbili kwa wiki.

Hapa lazima nitenganishe aina mbili za kulegea, kwa sababu kijana anayetusaidia bustanini alikuwa anazichanganya. Majani ya haidrenjia ni mapana na hupoteza maji haraka. Saa saba mchana yanaweza kuning'inia hata udongo ukiwa umelowa, kisha jioni yanainuka yenyewe. Huko si kuomba maji. Ukikimbilia ndoo kila unapoyaona yamelala, mizizi itakosa hewa na majani yataanza kuwa manjano kutoka chini. Kulegea kwa hatari ni kule kunakokutwa saa moja asubuhi. Kama asubuhi yamelala, tia kidole kwenye udongo. Ukavu ukifika pingili ya pili ya kidole, mwagilia.

Miche ya chini ya mti ilikuwa imelala hata asubuhi. Nilifukua pembeni ya ule uliokufa nikakuta shimo langu la samadi limejaa mizizi myembamba ya mparachichi, imesukana kama mkeka. Mizizi inayolisha mparachichi hukaa juu juu tu, na mimi nilikuwa nimeiandalia karamu: udongo laini, samadi na maji mara mbili kwa wiki. Kuikata ovyo nako si dawa, mparachichi huugua mizizi upesi na huu unatulisha.

Suluhisho: mapipa mawili ya plastiki ya lita 200, 40,000 kila moja, yakakatwa katikati kupata vyungu vinne vikubwa. Matundu ya kutolea maji chini, tabaka la mawe mepesi, kisha udongo na mboji. Hakuna kuchimba chini ya mti tena. Miche miwili iliyobaki imehamia humo ikiwa na bonge la udongo wake, na kwenye mapipa mawili yaliyobaki nimeweka vipandikizi vya Machi.

*Nyongeza, Septemba:* mizizi ya mparachichi imepanda kwa kupitia matundu ya chini. Mapipa yote sasa yamekaa juu ya matofali matatu matatu, na pengo la hewa limeikomesha.

29 Oktoba 2023. Jua limehamia

Mpaka mwanzoni mwa mwezi huu mstari wa ukutani ndio ulikuwa fahari yangu. Sasa majani yake ya juu yana mabaka ya kahawia yenye kingo kavu kama karatasi iliyopitishwa motoni, na machipukizi mawili yamekauka kabisa. Wa kwanza kushukiwa alikuwa ugonjwa, wa pili mbolea. Lakini jani likipinduliwa halina unga wala ukungu, na mabaka yapo kwenye majani yanayotazama juu tu. Lililofunikwa na mwenzake ni zima. Hilo ni jua.

Jua limetoka wapi mahali ambapo Juni hapakuwa na jua siku nzima?

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana liko mbali upande wa kaskazini, kwa hiyo nyumba inatupa kivuli chake kusini. Halafu linaanza safari ya kurudi. Katikati ya Oktoba linapita juu ya utosi wetu, na kuanzia hapo mpaka mwishoni mwa Februari saa sita mchana linakuwa upande wa kusini. Ukuta wangu wa kusini, ambao Juni haukuonja jua, Desemba unapigwa kutwa. Vijiti vyangu vya Juni vilisema kweli, ila kweli ya Juni. Ajabu ni kwamba nilipanda Januari, jua likiwa kusini kabisa, na sikuliona kwa sababu ya mawingu ya mvua.

Kwa hiyo tatizo lenyewe ni dogo kuliko linavyoonekana. Kuanzia mvua zinapokolea, mawingu na unyevu vinapunguza makali. Juni hadi Agosti kivuli cha ukuta kinatunza maji wakati ambapo maji ni shida. Kinachoua ni dirisha la katikati: Oktoba na Novemba, jua liko utosini, anga halina wingu, upepo mkavu bado unavuma, na mvua haijafika. Ni wiki sita, mwaka mbaya wiki nane.

Jaribio la kwanza la kuzikinga lilikuwa viroba vya salfeti vilivyopasuliwa na kutundikwa kwenye fito. Upepo ukavipeperusha siku ya pili, na mchana joto chini yake lilizidi la nje. Viroba vinazuia jua na hewa kwa pamoja. Jaribio la pili ni neti ya kivuli ile ya vitalu, inayopitisha karibu nusu ya mwanga: mita sita kwa 24,000, fito na misumari 9,000. Imeinuliwa mita moja na nusu juu ya miche ili hewa ipite, na imeachwa wazi upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie. Machipukizi mapya ya wiki hii hayana baka.

Anayepima kivuli chake na apime mara mbili, Juni na mwishoni mwa Oktoba. Asiyeweza kusubiri akumbuke tu kwamba ukuta wa mashariki hauna kigeugeu hiki: unapata jua la asubuhi na kivuli cha mchana mwaka mzima. Wangu wa mashariki una tanki na banda la kuku.

Matandazo: viroba vitano vya majani makavu ya mipaini, 10,000. Kuku waliyatawanya yote kwa siku mbili, nikazungushia mabaki ya waya. Matandazo yasiguse shina.

10 Februari 2024. Rangi mbili kutoka kitalu kimoja

Maua! Miche ya kununua imetoa vichwa tangu Desemba. Mstari wa ukutani umetoa waridi iliyokolea. Mapipa ya chini ya mparachichi yametoa zambarau chafu, rangi ya maji yaliyooshewa kitambaa cha batiki. Miche yote ilitoka kwa Bibi, na kwake mimea mama iliyoizaa ni bluu kama sare za shule.

Baba watoto anapenda waridi na angetaka mjadala uishie hapo. Lakini mstari wa ukutani una jambo jingine: majani machanga yana umanjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila hakichukuliki kwa sababu udongo una chokaa nyingi.

Nimefanya kipimo cha jikoni. Udongo mkavu wa ukutani kwenye kisosi, siki juu yake: ukachemka mapovu. Udongo wa pipa: kimya. Kisha karatasi za kupimia pH, 12,000, kutoka duka la vifaa vya maabara za shule. Udongo kijiko kimoja, maji safi ya mvua vijiko viwili na nusu, koroga, acha utulie, chovya. Ukutani karatasi imesoma 7. Kwenye pipa ni 5.5. Anayetaka namba za uhakika zaidi apeleke sampuli TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, lakini kwa kazi hii karatasi zimetosha.

Chanzo cha chokaa nimekichimbua kwa jembe: vipande vya plasta na saruji iliyomwagika, vimefukiwa sentimita 20 chini ya udongo mzuri. Mafundi wote hufukia uchafu wao chini ya ukuta. Kila mvua inayoshuka inaloweka ile saruji na kuongeza chokaa kwenye udongo.

Kuhusu rangi yenyewe, kiini kimoja cha rangi ndicho kinachotoa waridi na bluu. Kinachoamua ni alumini. Udongo ukiwa na tindikali, pH chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo huyeyuka, mmea ukaivuta hadi kwenye ua, na ua likawa bluu. Udongo ukiwa na chokaa, alumini hufungika na ua linabaki waridi. Waliosoma kemia sekondari wataona ni kinyume cha karatasi ya litmasi, ambayo kwenye tindikali huwa nyekundu. Ndiyo maana ua hili linastawi kwenye udongo unaopendwa na chai, kama wa Rungwe na Mufindi. Maua meupe hayamo kwenye mchezo huu, hayana rangi ya kubadilika.

Basi zambarau ya mapipa, kwenye pH 5.5, imetoka wapi? Kutoka kwenye DAP. Ina fosfeti nyingi sana, asilimia 46 kwa kipimo kinachoandikwa kwenye mfuko, na fosfeti hukamata alumini na kuifunga. Miche ilihamia kwenye mapipa pamoja na bonge lake na DAP yake. Mapipa mawili ya vipandikizi, ambayo hayakuonja DAP, bado hayajatoa ua. Tutajua mwakani.

Hatua zilizochukuliwa:

Ukutani, kibarua amechimba mfereji wa nusu mita pembeni ya mstari na kutoa vipande vya saruji, 15,000. Vilivyo chini ya mizizi vimeachwa. Nimetia salfa ya unga, ileile wanayopuliza kwenye korosho na zabibu, gramu 60 kwa mita ya mraba, ikachanganywa na udongo wa juu. Kilo moja 5,000 na imebaki nyingi. Salfa haifanyi kazi yenyewe, bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, nao wanahitaji joto na unyevu. Huku kwenye baridi ni kazi ya miezi. Asiyeona mabadiliko kwa wiki tatu asiongeze dozi.

Kwenye mapipa, shabu, ile ya kusafishia maji, nusu kilo 4,000. Ina alumini. Kijiko kimoja cha chakula kilichoyeyushwa kwenye lita nne za maji, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliokwisha kulowa. Ikimwagwa kwenye udongo mkavu au ikizidishwa inaunguza mizizi.

Mbolea ya kukuzia kuanzia sasa ni SA (salfeti ya amonia) kidogo sana, kwa sababu inaelekea kwenye tindikali. CAN ina chokaa ndani yake, hiyo ibaki kwenye mahindi.

24 Agosti 2024. Mkasi na jalidi

Mwezi huu na uliopita yametokea mawili, na yote yanahusu macho ya maua.

La kwanza ni mkasi. Haidrenjia ya aina hii haitoi maua kwenye chipukizi jipya la msimu uleule. Jicho la ua linaundwa nchani mwa tawi wakati wa baridi, kwetu Juni hadi Agosti, linakaa limelala, kisha linafunguka baadaye. Tarehe 10 nilirudi kutoka mjini nikakuta vichaka viwili vya kwenye uzio, watoto wa vipandikizi vya mwaka jana, vimenyolewa vizuri vikawa sawa kama michongoma. Kijana alisema, "Mama, nimevisafisha, vitachipua vizuri mvua zikija." Na vitachipua kweli. Maua tu ndiyo hayatakuwepo.

Kupogoa kuwe mara ua linapochakaa, Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Kata chini ya kichwa cha ua, juu ya jozi ya macho manene, na tawi litakuwa na mvua za Machi na Aprili za kuchipua na kukomaa kabla ya baridi. Matawi ya zamani yaliyochoka, theluthi moja hivi, yakatwe chini kabisa. Agosti ondoa yaliyokufa tu. Mabaki ya kupogoa yasipelekwe kwa mbuzi wala sungura, majani na macho yake yana sumu. Yaende kwenye mboji.

La pili ni jalidi. Asubuhi moja ya Julai nyasi za chini ya kiwanja zilikuwa nyeupe, na mabomba yaligoma mpaka saa mbili. Vichaka vya kwenye uzio, palipo wazi, vilipata macho meusi nchani. Kwa hiyo hata bila mkasi vingekuwa na maua machache. Mapipa ya chini ya mparachichi hayakuguswa, kwani matawi ya mti huzuia joto la ardhi lisipotelee angani usiku. Mstari wa ukutani nao umepona, ukuta unatunza joto la mchana.

Hapa mparachichi umejirudishia heshima. Nilikuwa nimeanza kuuona kama mwizi wa maji tu.

Dawa ya vichaka vya wazi ni chandarua chakavu, kukunja mara mbili, kutandikwa jioni ambayo anga ni safi na upepo umetulia, na kuondolewa jua likichomoza. Hakina gharama.

15 Desemba 2024. Msimu wa pili wa maua

Neti ilipanda tarehe 5 Oktoba na kushuka mvua ilipokolea, mwishoni mwa Novemba. Hakuna jani lililoungua.

Mapipa ya vipandikizi yametoa ua la kwanza, bluu safi. Yale ya DAP yaliyopata shabu yamefika kwenye bluu yenye weusi wa zambarau pembeni, yanaelekea kuzuri. Shabu inapaswa kuanza miezi kadhaa kabla macho hayajafunguka. Ukiimwaga ua likiwa limeshafunguka umechelewa, rangi yake imeshaamuliwa.

Ukutani karatasi sasa inasoma kati ya 6 na 6.5. Majani yamerudi kijani na maua ni waridi yenye vivuli vya zambarau. Nasimamia hapo. Kufukuza bluu karibu na msingi wa nyumba ni kupigana na saruji kila mvua, na saruji haichoki. Baba watoto amefurahi, amelipata ua lake.

Vichaka vya uzio: majani matupu, kama ilivyotarajiwa.

Tatizo jipya ni madoa ya mviringo, kahawia yenye ukingo wa zambarau, kwenye majani ya chini ya mstari wa ukutani. Ni ukungu wa madoa, unapenda majani yanayolala na maji. Paa halina mfereji upande huo, kwa hiyo maji yanadondoka kutoka juu na kurusha tope kwenye majani. Nimeyachuma yenye madoa na kuyachoma, na nimeongeza matandazo yazuie tope kuruka. Sijapuliza dawa yoyote na sioni haja. Konokono nawaokota kwa tochi usiku.

9 Machi 2025. Hesabu na hali ilivyo

Kupogoa kumefanyika wiki iliyopita, safari hii kijana na mimi tukiwa pamoja, yeye akishika mkasi. Matawi yote mazuri yamekwenda kwenye viriba.

Fedha iliyotoka tangu mwanzo: miche 36,000; samadi 10,000; viriba na nailoni 8,000; mapipa 80,000; neti na fito 33,000; matandazo 10,000; karatasi za pH 12,000; kibarua 15,000; salfa 5,000; shabu 4,000. Jumla 213,000. Matofali, mawe mepesi, waya na chandarua vilikuwepo nyumbani.

Ningeanza upya leo, mapipa yangesubiri. Ukanda wa ukutani pamoja na neti ya wiki sita umetoa maua mengi zaidi kwa fedha ndogo, ilimradi mtu achimbe kwanza na kuona mafundi walifukia nini, na DAP aiache stoo. Chini ya mparachichi ningeweka pipa moja tu, kwa ajili ya bluu, mahali linapoonekana kutoka dirisha la jikoni. Mwenye mgrivelia au mkaratusi badala ya mparachichi ategemee kiu ileile au zaidi, na asipande moja kwa moja ardhini.

Viriba vilivyoota mwaka jana vimeuzwa 3,000 kimoja kwa majirani na kwa mama mmoja anayepamba kumbi za harusi. Anataka vichwa vya kukata, bluu, kwa Desemba. Nimemwambia vikatwe asubuhi mapema, ua likiwa limekomaa na kuanza kukakamaa kidogo, mguu utumbukizwe kwenye maji palepale. Likikatwa changa linalegea kabla bibi harusi hajafika.

Kazi inayofuata ni kuhamisha tanki kutoka ukuta wa mashariki. Fundi anakuja Jumamosi kutoa bei, na jembe la kutafutia plasta liko tayari.